Sahani ya Nne

Binti alimega mkate kabla baba yake hajakaa mezani.

"Huna adabu hata chembe!" Baba alikuwa mwalimu wa lugha, hakuweza kuishia hapo. "Neno lenyewe unalijua? Limetoka kwenye Kiarabu, na wapo wataalamu wanaosema lilianzia kwenye kumwalika mtu chakula."

Binti akaacha kutafuna. Akatazama jikoni, ambako fundi bomba alikuwa amelala chini ya sinki tangu asubuhi. Ilionekana miguu tu, soksi imetoboka, kidole gumba kinachungulia.

"Na yule, baba, umemwalika?"

Mama yake akaweka sahani ya nne mezani.

Spana ikaacha kugonga.

Baba akainuka, akasimama mlangoni mwa jiko lake mwenyewe, akapiga hodi.