Kakakuona na Sarafu ya Tundu

Wanyama walipokuwa na maduka, Bi Kakakuona aliuza sarafu za kale. Mteja akimtukana, alijikunja kutwa nzima, na biashara ikalala.

Siku moja Nyegere, asiyejua salamu, akashika sarafu yenye tundu. "Takataka hii! Imetoboka, imechakaa, nawe huoni aibu?"

Kakakuona akaanza kujikunja, halafu akajinyoosha. "Kweli, baba, umenifumbua macho. Siwezi kukuuzia takataka." Akaifungia kabatini.

Nyegere akahaha. "Hapana, mama! Ni nzuri! Nimeitafuta nchi nzima!"

"Kumbe! Basi nilikuwa naiuza bei ya kutupa."

Nyegere akacheka mpaka akakaa chini. Kakakuona naye akacheka, akamuuzia kwa bei ileile.

Kesho yake Nyegere akapiga hodi, akatoa shikamoo, ndipo akaanza kuitukana sarafu nyingine.