Kucha Hafi Leo

“Umeruka,” alisema bibi.

Mjukuu alishusha kitabu. Bibi alikuwa amelala chali, macho yote mawili yamefungwa bandeji, mikono juu ya tumbo, kama maiti mwenye maoni.

“Sijaruka kitu.”

“Umeruka. Walikuwa wanaingia kwenye lifti, sasa wanatoka na huyo binti anatafuta kiatu. Kiatu kimevuliwa na nani?”

Alikuwa ameruka kurasa mbili na nusu. Kuna mambo ambayo mbwa mwitu na daktari wa mifugo wanaweza kufanya ndani ya lifti iliyokwama, lakini hayasomwi kwa sauti mbele ya mama mzazi wa baba yako.

“Bibi, wewe ni mtu mzima.”

“Ndiyo maana. Rudi nyuma, mke mwenza.”

Akarudi. Alisoma mbiombio, masikio yanawaka moto, huku midomo ya bibi ikichezacheza pamoja naye kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi.

Hiki kilikuwa kitabu cha kumi na nne. Shujaa wake, Kucha, mchana anauza bima. Mwezi ukiwa mpevu anageuka mbwa mwitu, anaota manyoya na kutafuna wabaya wa mji. Ameshakufa mara mbili akafufuka mara mbili, na safari moja ikaja kugundulika kuwa aliyezikwa ni pacha wake. Kwa maoni ya mjukuu, mambo yalipaswa kuishia kitabu cha saba. Bibi alikuwa navyo vyote rafuni, na hiki alikipata kabla hakijafika hata madukani. Bibi ana watu wake.

“Huyu mwandishi ameishiwa,” mjukuu alisema akigeuza ukurasa. “Jina la kubuni, picha hana. Nakuapia ni mzee mmoja mwenye kitambi, anaandika amevaa pajama.”

“Kitambi kimetoka wapi?” Bibi alikuwa mkali kidogo.

“Na ile lifti je? Mtu mwenye adabu zake anaandika vile?”

“Kaandika vibaya?”

“Sijasema vibaya.”

Bibi alitabasamu. “Basi soma.”

Daktari wa macho hakutaka mchezo: bibi asiiname, asisugue macho, na kulia ndiyo kabisa. Akiangua kilio, mishono inaweza kuachia, na macho yakaenda na maji. Bila macho, bibi angebaki na nini? Watoto wake wote aliwasomesha kwa kuchapa kazi za watu katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa, ole wake atakayebisha. Mashine ya kuchapa bado ilikuwa pale, imefunikwa shuka.

Na kwa Kucha, bibi hakuwa na ujasiri hata chembe. Mwaka ule mama yake Kucha alipofariki kitabuni, bibi alitoka chumba cha nyuma macho mekundu kama pilipili.

Ndiyo maana mjukuu, alipofika sura ya mwisho na kuchungulia mbele kidogo, aliacha kusoma. Kucha anakufa. Anakufa kufa kweli: risasi ya fedha kifuani, mvua inanyesha, daktari wa mifugo amepiga magoti barabarani amemkumbatia. Pacha hayupo.

“Mbona kimya?”

“Nakunywa maji.”

Maji hayakuwepo. Alimeza mate, akakazia macho ukurasa ambao hakuwa anausoma.

“Risasi ikaja moja kwa moja, ikampata… begani.”

“Begani?”

“La kushoto. Tena ilimparaza tu. Kucha akainuka, akajikung’uta, akawatazama wale majambazi. ‘Nyie mmenichania shati la kazini,’ akasema.”

Mjukuu akageuza ukurasa.

“Daktari wa mifugo akalia. Kisha akamzaba kofi. Kisha akamwambia, chanjo yako imepitwa na muda, twende nyumbani.” Mjukuu akafunga kitabu kwa kishindo kabla uongo haujamwishia. “Basi. Mwisho.”

Kidevu cha bibi kikaanza kutetemeka.

Mjukuu aliruka kutoka kitini. “Bibi, usilie! Amepona! Mzima kama chuma! Kesho anakwenda kazini!”

“Silii, mjinga wewe, nacheka.” Bibi alijishika mbavu kwa mikono miwili, akijizuia. “Shati la kazini! Mwaka mzima nimehangaika na ile mvua, hilo la shati halikunijia hata mara moja.”

Akanyoosha kidole kuelekea chumba cha nyuma.

“Mchapishaji ndiye aliyeng’ang’ania nimuue. Kafunue ile mashine, mke mwenza: cha kumi na tano tunaanzia hapo hapo ulipodanganya.”