Nyuzi Mia na Arobaini

"Giaboksi imeungua, mama Lesian. Tunaishusha, tunafunga nyingine." Fundi alinionyesha kompyuta: joto la mafuta ya giaboksi, nyuzi mia na arobaini.

Gari lilikuwa limelala gereji siku mbili, kwenye baridi ya Meru.

Nilimhamishia mwanangu mkono wa kushoto, nikainama, nikabandika kiganja kwenye giaboksi. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Sensa ya kupima joto ndiyo mbovu. Giaboksi yangu nzima unaipeleka wapi?"

"Mashine haidanganyi, dada. Haya si mambo ya jikoni."

Nikamkamata mkono. "Basi bandika na wako hapa. Kama inachemka, ungua!"

Mafundi wenzake wakaacha kugonga. Mkono wa fundi ulikuwa mzito, haukutaka kusogea.