Kifungo katika Chumba cha Shali

Sheria ilikuwa wazi: askari jela aliyepuuza maradhi ya akili ya mfungwa hadi mfungwa huyo akafa, alitumikia kifungo chake nyumbani kwa marehemu. Ndiyo maana Nyange alilala katika chumba cha Shali, na Bi Mwatumu, mama yake Shali, akawa mlinzi wake.

Asubuhi hiyo uji ulipoa bila kuguswa.

"Kunywa, bwana. Au wangoja nikulishe kama mwari?"

"Mama, ukuta unaniita."

Bi Mwatumu aliduwaa. Maneno hayohayo yalisomwa mahakamani: Shali aliyasema mara tisa, na mara zote tisa Nyange aliandika kwamba anajifanya.

"Wanidhihaki?"

"Wallahi, mama, hata mimi sijui."

Kidude cha taarifa ya kila siku ya hali ya mfungwa kikawaka mezani, na vitufe vyake viwili: Anaumwa, Anajifanya. Bi Mwatumu alimkazia macho, asijue kama aliyeketi mbele yake ni mwongo au mgonjwa. Kidole chake kikatua juu ya Anajifanya, naye akashangaa kwamba kitufe hicho kilikuwa laini kuliko kile kingine, kana kwamba kimezoea kubonyezwa.