Nimefunga Choo

"Nimefunga choo, leo siku ya nne," mkewe alimwambia fundi bomba kwenye simu. "Ukija, ninunulie mtindi."

Fundi bomba alifika na waya wa kuzibulia begani na mtindi mkononi. Akasukuma mlango wa choo, ukafunguka. Akavuta maji, yakashuka yote.

"Mbona choo kizima?"

"Choo kizima, tumbo langu ndilo limegoma." Mkewe alishaanza kuula mtindi, kwa kijiko kikubwa, kama anayemeza dawa. "Nesi kaniambia ni kawaida kwa hali yangu."

"Hali gani?"

Kijiko kikasimama njiani. Mkono wa pili ulikuwa umeshatua tumboni. Mwaka wa sita wa ndoa sasa, wala neno mimba walikuwa hawalitaji tena.

Fundi akaushusha waya sakafuni taratibu, usilie, kana kwamba mle ndani mna mtoto amelala.