Viatu Vyekundu vya Mlimani

Kalunde alipovaa viatu vyekundu vya kupandia mlima, mwenye duka alitabasamu kana kwamba vilishonwa kwa ajili yake. Dada yake, Nyamizi, alijaribu vya namna hiyohiyo, lakini miguu yake mipana haikuingia. Akaletewa vya kiume, vyeusi, vizito.

"Chukua hivyo, dada," Kalunde alisema. "Huko juu nani atatuangalia?"

Nyamizi alivivaa huku amenuna. Vidole vyake vilipata nafasi, ila wivu haukumtoka. Kalunde akatembea mbele ya kioo, na Nyamizi akaona kisigino cha mdogo wake kikipanda na kushuka ndani ya kiatu. Kesho mlimani kingechubuka vibaya.

"Vimenikaa?"

"Vimekukaa vizuri sana," Nyamizi alijibu, akainama kufunga kamba zake polepole.