Harufu ya Nguruwe Kumi na Wanne

Saa moja asubuhi Scholastica aliinama, akamnusa jike mkubwa nyuma ya sikio, kisha chini ya mkia, kisha akaandika sifuri kwenye daftari.

"Bado kumvika gauni jeupe tu," alisema Notburga, katibu wake, akiwa ameshika ndoo ya maji ya sabuni. "Akapokee komunyo ya kwanza."

"Mlete wa kumi na nne."

Scholastica alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama tisa, kijiji cha milimani, juu kidogo ya Litembo. Siku hiyo alikuwa anakuja mkaguzi wa shirika lililowapa majike wawili na dume wa kuanzia. Akiridhika, wangejengewa banda la matofali na tenki la maji. Asiporidhika, kikundi kingefutwa. Mwezi uliopita vilifutwa vitatu. Kimoja, huko ziwani, kiliazima mbuzi ishirini kwa ajili ya ukaguzi, na mbuzi wakaanza kurudi kwao mkaguzi akiwa bado anawahesabu. Akina mama waliicheka habari hiyo wiki nzima.

Tatizo lao wao lilikuwa harufu. Kwa miaka miwili banda lilinuka hadi barabarani, na abiria wa bodaboda walikuwa wakisema, "Nishushe pale panaponuka."

Scholastica hakuliombea rozari jambo hilo. Alilipima. Alimwaga sakafuni maganda makavu ya kahawa, kina cha sentimita sitini, akayachanganya na mkaa uliosagwa. Mkojo aliuelekeza kwenye shimo lenye mfuniko. Mabaki ya dagaa aliyaondoa kwenye chakula. Kinyesi kilizolewa mara tatu kwa siku, kikafukiwa kwenye ngolo, yale mashimo ya kulimia ya mteremkoni, nusu saa kutoka pale. Kila asubuhi na kila jioni alinusa na kuandika namba, kutoka tano hadi sifuri. Ilimchukua wiki saba.

Ilibaki karatasi moja. Shirika lilitaka uthibitisho wa jirani asiye mwanakikundi, na jirani wa namna hiyo alikuwa mmoja tu: Mzee Nazari, karani mstaafu wa mahakama, hatua ishirini na tano kutoka bandani. Alikuwa amekiandikia kikundi barua sita za malalamiko. Hakuwachukia nguruwe, nyama yao aliinunua kila Jumapili. "Harufu naipata mimi bure," alizoea kusema, "nyama mnaniuzia."

Siku tatu kabla ya ukaguzi Scholastica alimpelekea paja zima la nguruwe, pamoja na uthibitisho aliouandika mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Nazari alivaa miwani, akasoma kwa sauti. "'Sijapata kusikia harufu ya nguruwe mahali hapa, si leo, si jana, wala siku yoyote.' Wala siku yoyote, mwanangu?"

"Iwe imekamilika, mzee."

"Haya. Ila mimi nikisaini nimesaini."

Alisaini. Akatoa na nakala za barua zake sita, na Scholastica akazichoma siku hiyo hiyo, pamoja na barua zenyewe, chini ya sufuria ya pumba.

Mkaguzi aliitwa Mansuetus. Alifika saa nne, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisimama getini, akafumba macho, akavuta pumzi. Akasogea hatua kumi, akavuta tena. Akaingia bandani, akachota maganda kwa mkono, akayaleta puani.

"Safi," alisema mkaguzi. Akausoma uthibitisho wa jirani mara mbili. "Safi mno. Mama, hawa nguruwe mmewaazima wapi?"

"Tumewaazima? Wamezaliwa hapa hapa!"

"Nimekagua mabanda mia moja na kumi. Nguruwe akikaa mahali wiki moja, hata ukiniziba macho nitakwambia. Hawa wameletwa leo, tena wameogeshwa kwanza." Alinyoosha kalamu. "Yule ana povu sikioni."

Scholastica akamkabidhi daftari: tarehe, saa, upepo, namba.

"Wale wa mbuzi walikuwa na daftari zuri kuliko hili."

"Muulize jirani!" Notburga alipaza sauti. "Miaka miwili anatulalamikia!"

Mzee Nazari alikuwa ameshafika getini, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," alisema mkaguzi. "Sahihi hii ni yako?"

"Marahaba. Ni yangu."

"Umewahi kusikia harufu ya nguruwe hapa?"

"Jibu limeandikwa hapo, afisa."

"Mzee Nazari!" alisema Scholastica. "Na zile barua sita?"

"Barua zipi, mwanangu?"

Scholastica akaikumbuka sufuria ya pumba.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu, akapiga mstari chini ya alichoandika. "Kikundi kimefutwa. Lakini hawa wanyama wana mwenyewe, na sitaondoka hapa mpaka warudi mikononi mwake. Haya, semeni. Ni wa nani?"

"Wetu!" walijibu akina mama tisa kwa pamoja.

"Nauliza mtu asiye mwanakikundi."

Jike mkubwa alipiga chafya. Mzee Nazari aliwatazama nguruwe mmoja mmoja, midomo ikimchezacheza kama mtu anayehesabu, kisha akavaa kofia yake na kufungua geti.

"Ni wangu, afisa," alisema. "Naomba niwachukue sasa hivi, kabla hawajaanza kunuka."